Usiizike runinga kabla haijafa

MWEZI wa Januari haujawahi kumhurumia mtu. Kule Kitale mahindi yameshauzwa, na pesa zake zimegawanywa kati ya mbolea, deni la trekta na karo. Kule Bungoma mkulima wa miwa angali anasubiri malipo yake, naye mwalimu anahesabu siku hadi mshahara uingie. Ni katika mwezi kama huo ambapo runinga ya sebuleni huamua kugoma. Watoto wamejipanga mkekani, baba anangoja taarifa ya habari ya saa moja, mara kioo kinakuwa cheusi tititi. Sauti inasikika, lakini picha hakuna.

Yanayofuata mnayajua. Mama anasema runinga imekufa. Baba anasema alijua tangu siku ilipoletwa kwamba hizi za siku hizi ni karatasi tupu. Watoto wanahamia kwa jirani. Kufikia mwisho wa juma, aibu ya kuwaona wakirudi usiku kutoka nyumba ya watu imekuwa nzito kuliko mfuko wenyewe, na baba anaonekana mjini akiuliza bei ya runinga mpya, ikibidi kwa mkopo. Ile iliyogoma inasukumwa mvunguni mwa kitanda, na pengine anapewa mpita njia anayenunua vyuma vikuukuu.

Swali letu leo, msomaji mpenzi, ni hili: je, runinga hiyo ilikuwa imekufa kweli? Mara nyingi jibu ni la. Ilikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kipuri kimoja. Runinga bapa haifi kwa uzee upesi kama tunavyodhani. Huuawa na umeme, joto, unyevu na papara zetu. Mwenye kulijua hili anaweza kuokoa karo ya muhula mzima.

Tulikotoka

Matangazo ya televisheni yalianza nchini mwaka 1962, na kwa miaka mingi tulikuwa na kituo kimoja tu, hadi KTN ilipoanza kurusha yake mwaka 1990. Wenye umri wa kukumbuka siku hizo wanazijua runinga zenye kisogo. Wengi vijijini walikuwa na Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari, na kila betri ilipoisha nguvu ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa. Runinga hizo zilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, lakini zilidumu. Kijana aliikuta nyumbani alipozaliwa na akaiacha hapo alipooa.

Ndiyo maana wazee wetu wanapoona runinga bapa ikizimika baada ya miaka mitatu au minne wanaapa kwamba wameuziwa bandia. Wengine ni kweli wameuziwa bandia. Lakini si wote.

Isitoshe, hii si mara ya kwanza kwetu kuzika runinga zikiwa hai. Wakati nchi ilipohama kutoka mitambo ya analogia hadi ya dijitali, kuanzia usiku wa Desemba 31, 2014 mjini Nairobi na kukamilika mwaka 2015, familia nyingi ziliamini kwamba runinga zao za kisogo zimefikia mwisho. Ukweli ni kwamba zilihitaji king'amuzi tu. Zilizotunzwa ziliendelea kuonyesha picha kwa miaka baadaye. Zilizotupwa zilitupwa kwa sababu ya uvumi.

Umri wa runinga huhesabiwa kwa saa

Gari huhesabiwa umri kwa kilomita na runinga huhesabiwa kwa saa. Runinga bapa nyingi zilizo majumbani mwetu leo zina kioo kisichotoa mwangaza wake chenyewe. Nyuma ya kioo hicho kuna taa ndogo ndogo za LED zinazomulika picha ili tuione. Taa hizo hazizimiki siku moja kama mshumaa; hufifia polepole. Watengenezaji kwa kawaida huzikadiria kudumu kati ya saa 30,000 na 60,000 kabla mwangaza haujapungua kufikia nusu.

Hebu tupige hesabu. Familia inayowasha runinga saa 5 kwa siku hutumia saa 1,825 kwa mwaka. Kwa kipimo cha chini kabisa cha saa 30,000, taa hizo zingemulika kwa miaka 16. Mtoto aliyezaliwa siku runinga iliponunuliwa angekuwa karibu kumaliza sekondari.

Lakini chukua mkahawa ulio kando ya barabara pale Kanduyi, ambako runinga huwashwa saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa saa nne usiku. Hizo ni saa 16 kwa siku, yaani saa 5,840 kwa mwaka. Hapo saa 30,000 zinakwisha kwa miaka 5 na ushei. Kwa hiyo mwenye mkahawa akilia kwamba runinga yake imezeeka baada ya miaka mitano, ana haki. Baba wa nyumbani akilia baada ya miaka mitatu, inafaa atafute mchawi mwingine.

Kwa matumizi ya nyumbani, runinga iliyotunzwa inaweza kufanya kazi miaka 7 hadi 10, na nyingine hupita hapo. Pengo kati ya miaka hiyo na ile 16 ya kwenye hesabu ndilo tutakalolichunguza sasa. Ni nini kinachozikatiza maisha?

Wauaji wanne

Wa kwanza ni umeme. Runinga nyingi zimeandikwa mgongoni kwamba zinatumia volti 100 hadi 240, na umeme wetu Kenya umekadiriwa kuwa volti 240. Tatizo ni kwamba umeme hautulii pale unapotakiwa kutulia. Ukiishi karibu na kinu cha kusaga mahindi au karakana ya kuchomelea vyuma, umeona jinsi taa zinavyofifia mashine zinapowashwa. Na umeme unapopotea kisha ukarudi ghafla, hurudi kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kinachochoma kadi ya umeme iliyo ndani ya runinga. Dawa ni mbili. Kwanza, umeme ukipotea, chomoa waya kwenye soketi na usiurudishe hadi dakika chache baada ya umeme kurejea na kutulia. Pili, nunua kifaa cha kulinda runinga, kile ambacho wauza vyombo wanakiita gadi. Hicho hukata umeme ukizidi au ukipungua mno, na hungoja kabla ya kuurudisha. Usikichanganye na ile ekstensheni ya kawaida yenye matundu mengi. Ekstensheni hugawa umeme tu, hailindi chochote.

Ndugu wa umeme ni radi. Maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, pamoja na nyanda zetu za Magharibi hadi Mlima Elgon, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kuanzia mvua za Machi zinapoingia, wingu hukusanyika mchana na kufikia alasiri ngurumo zinatikisa mabati. Hapo kuzima runinga kwa rimoti hakutoshi, na gadi pia haitoshi. Chomoa waya wa umeme na, hili wengi hulisahau, chomoa waya wa antena. Antena iliyosimama juu ya mlingoti wa mti ni mwaliko kwa radi, na waya wake huileta moja kwa moja hadi sebuleni. Yafanye hayo mapema, wingu likiwa bado mbali. Ngurumo zikishaanza, usiguse waya. Afadhali runinga iungue kuliko mtu.

Muuaji wa pili ni joto, na chanzo chake kikubwa ni mwangaza uliopitiliza. Runinga nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekewa mwangaza mkali ili zivutie wanunuzi. Sisi tunaifikisha nyumbani na kuiacha hivyo hivyo. Taa za LED zinazosukumwa kwa nguvu zote hupata joto jingi na kuchakaa upesi. Ingia kwenye mipangilio ya picha, upunguze mwangaza wa taa za nyuma hadi nusu au zaidi kidogo. Picha itabaki nzuri, na bili ya umeme itapungua. Vile vile usiifunike runinga kwa kitambaa cha kufuma ilhali inawaka, wala usiibane ndani ya kabati lisilopitisha hewa. Nyumba ya mabati kule Chwele wakati wa jua la Februari ina joto la kutosha bila kuongezewa.

Wa tatu ni unyevu, moshi na wadudu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai mnaijua. Nyumba yenye baridi na mvuke wa chungu kinachochemka huacha umande ndani ya vyombo. Moshi wa kuni na makaa nao huacha masizi yanayonata. Mende na sisimizi hupenda joto la runinga, hujenga humo na kuunganisha nyaya zisizopaswa kuunganishwa. Iweke runinga mbali na jikoni, na uifute vumbi mara kwa mara. Unapofuta kioo, tumia kitambaa laini kikavu. Usinyunyizie maji. Maji hutiririka hadi ukingo wa chini wa kioo, ambako kuna nyaya nyembamba kama unywele, na hapo ndipo mistari isiyofutika inapoanzia.

Wa nne ni safari. Runinga bapa husafirishwa ikiwa imesimama, ndani ya katoni yake na sponji zake. Lakini tunaziona zikilazwa chali kwenye keria ya matatu kutoka Kitale kwenda Kwanza, juu yake gunia la viazi. Au zikipakatwa juu ya bodaboda kutoka Webuye hadi Misikhu. Kioo hakipasuki papo hapo kila mara. Kinapata ufa mdogo usioonekana, kisha baada ya wiki mbili mistari inatokea, na muuzaji ndiye anayelaumiwa. Weka katoni, siku ya kuhama utaikumbuka.

Dalili za ugonjwa

Kabla ya kumwita fundi, kuna mambo ambayo hata mama au mtoto wa darasa la nane anaweza kuyachunguza bila kufungua chochote. Na tafadhali usifungue. Ndani ya runinga mna vipuri vinavyohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Ikiwa runinga haifuati amri za rimoti, elekeza rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze. Kamera nyingi za simu huonyesha mwangaza ambao jicho halioni. Usipouona mwangaza huo, badilisha betri za rimoti kwanza. Watu wamebeba runinga nzima hadi mjini kwa ajili ya betri mbili.

Ikiwa kioo kinawaka lakini kinasema hakuna mawimbi, tatizo haliko kwenye runinga. Angalia antena, waya, king'amuzi, au kama kifurushi kimelipiwa. Wanaotumia sola nao waangalie betri kwanza. Betri iliyochoka huiwasha runinga kwa dakika chache tu kisha ikazimika, na runinga husingiziwa ugonjwa ambao si wake.

Ikiwa sauti ipo na picha hakuna, subiri usiku, zima taa za nyumba, kisha mulika kioo kwa tochi kwa karibu huku runinga imewashwa. Ukiona picha hafifu ikicheza nyuma ya mwanga wa tochi, furahi. Kioo ni kizima. Taa za nyuma ndizo zilizozimika. Taa hizo huunganishwa kwa mfululizo, kama zile taa za Krismasi za zamani: moja ikiungua, mstari mzima unazimika. Huu ni mojawapo wa magonjwa ya kawaida kabisa ya runinga bapa, na unatibika.

Ikiwa taa nyekundu inapepesa na runinga haiwaki, au inachukua muda mrefu kuwaka na kutoa mlio wa tik-tik, shuku kadi ya umeme. Mara nyingi ni kapasita zilizofura, vipuri vya bei ndogo. Huo nao unatibika.

Ikiwa unaona mistari ya rangi kutoka juu hadi chini, doa jeusi linalotambaa kama wino uliomwagika, au ufa, hapo tunazungumzia kioo chenyewe. Bei ya kioo hukaribia bei ya runinga mpya. Huo ndio msiba wenyewe.

Kwa fundi

Mji wa Kitale na ule wa Bungoma haina upungufu wa mafundi. Kazi ni kumpata aliye mwaminifu. Mwombe akuonyeshe kipuri kilichoharibika kabla ya kukibadilisha na akurudishie kile cha zamani. Kama ni taa za nyuma, mwulize kama anabadilisha mistari yote au ile taa moja iliyoungua. Taa moja mpya katikati ya wazee waliochoka itakurudisha kwake baada ya miezi michache. Afadhali ulipe kidogo zaidi zibadilishwe zote, kisha umwombe apunguze mwangaza.

Jambo jingine ambalo husababisha ugomvi mwingi: ili kuzifikia taa za nyuma, fundi ni lazima akiondoe kioo, nacho ni chembamba mno. Kikipasuka mikononi mwake, nani atalipa? Kubalianeni kabla hajashika bisibisi, na yaandikwe kwenye risiti. Fundi mzoefu hataona haya kuandika. Anayekwambia, "Niamini tu, mama," mshukuru kwa heshima na umtafute mwingine.

Hesabu ya baba na mama

Sasa tuje kwenye pesa. Tuseme runinga mpya ya inchi 32 inauzwa shilingi 15,000, na fundi anataka 3,500 kubadilisha taa zote. Wengi huuliza, "Kwa nini nitie pesa kwenye kitu kikuukuu?" Gawanya kwa miaka uone. Ikiwa matengenezo yatakupa miaka mitatu, umelipa kama shilingi 1,170 kwa mwaka. Runinga mpya ikikaa miaka saba, umelipa kama 2,140 kwa mwaka. Kikuukuu kimeshinda, na shilingi 11,500 zimebaki nyumbani.

Lakini fundi akitaka 9,000 kwa sababu ya kioo, mambo yanabadilika. Hapo kanuni rahisi ni hii: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya runinga mpya ya ukubwa ule ule, acha. Na ikiwa runinga imeshapita miaka minane, usivuke theluthi moja, kwa kuwa ukiziba hapa patavuja pale.

Kuna wale wanaovutiwa na mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Si vibaya, mradi mtu apige hesabu. Tuseme runinga ile ile ya 15,000 unapewa kwa malipo ya awali ya 3,000, kisha shilingi 60 kila siku kwa mwaka mmoja. Siku 365 mara 60 ni 21,900. Ongeza zile 3,000 upate 24,900. Umelipa 9,900 zaidi ya bei. Shilingi 60 ni bei ya kikombe cha chai na andazi, ndiyo maana haziumi. Zikijumlishwa ndipo zinapouma. Ikiwa familia inaweza kuishi bila runinga kwa miezi sita huku ikiweka hizo 60 kwenye kibubu au chama, itakuwa na zaidi ya shilingi 10,900 mkononi bila deni la mtu.

Uamuzi huu usiwe wa mtu mmoja aliyekasirika. Tumeona nyumba ambako baba alileta runinga mpya ya inchi 43 ilhali mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, na ugomvi uliofuata ulidumu kuliko runinga yenyewe. Tumeona pia mama aliyechukua zamu yake ya chama akanunua runinga bila kumwambia mumewe, kisha wakati wa kupanda ukafika na mbegu hakuna. Kaeni chini, bei ya fundi ikiwa upande mmoja na bei ya duka upande mwingine, mkaamue pamoja. Watoto nao waambiwe ukweli. Mtoto anayejua kwa nini runinga imezimwa hadi Aprili haoni haya mbele ya wenzake.

Lini hasa ununue mpya?

Nunua kioo kikiwa kimepasuka au kimejaa mistari. Nunua runinga ikiwa imerudi kwa fundi mara tatu kwa ugonjwa tofauti ndani ya mwaka mmoja. Nunua ikiwa imefifia kiasi kwamba hamwoni picha mchana hata baada ya kuongeza mwangaza, na taa zake hazipatikani. Nunua pia kama ni ile aina ya plazma iliyoletwa ikiwa mitumba, nayo imeharibika. Viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza kufikia mwisho wa mwaka 2014, kwa hiyo kupata vipuri vyake ni kubahatisha. Na nunua mara moja ikiwa runinga inatoa harufu ya kuungua hata baada ya kutengenezwa. Chombo cha kuburudisha hakifai kuwa cha kuteketeza nyumba.

Usinunue kwa sababu jirani amenunua kubwa zaidi. Wala usinunue kwa sababu tu programu za intaneti zimeacha kufanya kazi katika runinga yako ya kisasa. Programu huzeeka kabla ya kioo. Mwaka 2015 YouTube iliacha kufanya kazi katika runinga nyingi zilizotengenezwa mwaka 2012 na kabla yake, na Desemba 2019 Netflix ikafanya vivyo hivyo kwa baadhi ya runinga za zamani za Samsung. Runinga zenyewe zilikuwa nzima. Kinachohitajika katika hali hiyo ni kisanduku kidogo cha kuchomeka ubavuni, chenye bei ya sehemu ndogo tu ya runinga mpya.

Ukishaamua kununua

Taka iwashwe mbele yako, na siyo kwa dakika mbili. Iache iwake robo saa, uiangalie ikiwa na picha nyeupe tupu na nyeusi tupu, uone kama kuna nukta zilizokufa au pembe zenye kiza. Angalia kama ina king'amuzi cha dijitali ndani yake, kwani itakuepusha na gharama ya kununua kingine. Tazama alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Chukua risiti yenye jina la duka, tarehe na muda wa dhamana, na uihifadhi pamoja na vyeti vya watoto. Kipengele cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, lakini haki isiyo na risiti ni vigumu kuitetea.

Wanaonunua mitumba kutoka ng'ambo wasome kibandiko cha mgongoni kabla ya kutoa pesa. Japani hutumia umeme wa volti 100. Runinga iliyoandikwa volti 100 pekee, ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 240, itaungua kabla hujakaa kitini.

Na ile iliyokufa kweli?

Usiichome nyuma ya nyumba wala kuitupa mtoni Nzoia. Runinga bapa za mwanzo, kabla ya taa za LED, zilitumia mirija yenye zebaki, na vioo vya runinga za kisogo vina risasi. Zote ni sumu kwa maji na udongo. Mpelekee fundi, kwake maiti yako ni ghala la vipuri. Kadi yake ya umeme au spika zake zaweza kufufua runinga ya mwenzako, na pengine akakupunguzia bei ya kazi ijayo. Mashirika na shule zenye vifaa vingi vilivyokufa yanaweza kuwasiliana na kituo cha WEEE Centre kilichoko Nairobi, ambacho hukusanya na kuvunjavunja taka za vifaa vya umeme kwa njia salama. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina sheria ya usimamizi endelevu wa taka, na kila anayezalisha taka ana wajibu wake.

Basi, msomaji mpenzi, runinga yako ikizimika wiki hii, usikimbilie dukani wala usimlaumu aliyekuuzia. Angalia rimoti, angalia antena, mulika kwa tochi, kisha mwite fundi akupe bei. Iandike bei hiyo kwenye karatasi, uipeleke nyumbani, mkae mkaisome pamoja. Na wingu jeusi likitanda juu ya Mlima Elgon leo mchana, inuka mapema uchomoe nyaya zote mbili.

Tukutane Jumapili ijayo.